Ukumbi Ulipofungwa Sikuwa na wa Kumvisha

Siku ya mwanzo niliyoingia kazini kwenye ukumbi wa maigizo nilivaa buibui jipya na viatu vya kubana, nikidhani nakwenda kukaa ofisini. Mkuu wa Mavazi, mama wa Kimisri mwenye miwani mingine machoni na mingine kichwani, alinitazama kutoka juu mpaka chini akaniambia kwa Kiarabu chake cha Kairo, "Vua viatu. Viatu vyako vinasema." Sikumfahamu. Akanishika mkono mpaka nyuma ya pazia, akanitembeza juu ya mbao za jukwaa, na kweli, ko, ko, ko, kama mbuzi juu ya bati. Nikavivua. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu nilifanya kazi na soksi nyeusi, na ndiyo sababu miguu yangu haina sugu hata moja, wenzangu wa rika langu wananionea wivu.

Wajukuu zangu huniuliza, bibi, ulikuwa ukiigiza? Nnawajibu hapana, mie nilikuwa nikiwavisha wanaoigiza. Wananitazama kwa huruma. Ndipo nikaona bora niandike, maana kazi hii hawaijui, na nyinyi vijana mnaosoma huenda hamuijui pia. Mwigizaji anapotoka mbele ya watu na joho limemkaa mabegani, kilemba hakijapinda, na kanzu haionyeshi nguo ya ndani, jueni nyuma yake kuna mwanamke mwenye sindano kifuani. Mwanamke huyo, hapa Maskati, kwa miaka mingi, alikuwa mie.

Skuli nilikwenda kidogo. Unguja nilifika darasa la sita, kisha tukahamia huku na wazee, na msichana wa umri wangu asiyejua kuandika Kiarabu hakuwa na pa kuwekwa ila kwenye darasa la watoto wadogo. Nikakataa. Mama akaninunulia cherehani. Nilianza kushona nyumbani kwetu Darsait, magauni ya majirani, halafu nikaenda duka la kushona la Ruwi, ambako Fundi Mkuu, mzee wa Kihindi mwenye sauti nyembamba, alinifunza kupiga bandi. Bandi ni mshono wa muda, mrefu mrefu, wa kuishikilia nguo mpaka ujue kama imekaa. Alikuwa akisema asiyepiga bandi anajiamini kupita kiasi. Alikuwa akifumua kazi yangu mbele ya wateja, na mie nikimtukana kwa Kiswahili huku nnatabasamu, mpaka siku moja akanijibu kwa Kiswahili cha Mombasa, safi kuliko changu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Yeye akacheka, akanipa kazi nyingine nifumue mwenyewe.

Kutoka Ruwi nilichukuliwa kushona nguo za watoto wa skuli wanaocheza kwenye sherehe. Msimamizi wangu huko, bwana mpole asiyeacha tasbihi, ndiye aliyenipeleka kwa yule mama wa Kimisri. Akamwambia, "Huyu ana mdomo, lakini mikono yake mizuri kuliko mdomo." Nimepewa sifa nyingi tangu hapo. Hiyo ndiyo nnayoipenda.

Mkuu wa Mavazi alinifunza kwamba kushona na kuvisha ni kazi mbili. Mshonaji anaishika nguo ikiwa imelala mezani. Mvishaji anaishika ikiwa ndani yake mna mtu anayekimbia, anayetoka jasho, anayetaka kulia. Kubwa kuliko yote ni ile tuliyokuwa tukiiita badili ya gizani. Mwigizaji anatoka jukwaani akiwa mtu fulani na anatakiwa arudi akiwa mwingine kabla watazamaji hawajapata wakati wa kukohoa. Huna taa, kwa sababu mwanga utaonekana mbele. Huna sauti. Una mikono tu. Nguo ya mwanzo haifungwi kwa vifungo bali kwa utepe wa kunata, ule unaolia krrr ukiuvuta, kwa hiyo tunavizia ngoma ipigwe ndipo tuvute. Nguo ya pili inakaa sakafuni imefunguliwa duara kama kiota. Mwigizaji anaingiza miguu, mvishaji mmoja yuko miguuni, mmoja kifuani, na nguo inapanda. Yule mama alinifunga macho kwa kitambaa akaniwekea sanamu la mbao, nilivishe na kulivua, kulivisha na kulivua, mpaka nikawa nnalisalimia asubuhi.

Alinifunza pia vikwapa. Nguo ya hariri yenye tarizi huwezi kuifua kila siku, itakufa yenyewe. Tunashona vitambaa vidogo vya pamba chini ya mkono, ndivyo vinavyonywa jasho, ndivyo vinavyofuliwa. Nguo yenyewe inatundikwa ipate hewa. Hapo mie nikaongeza la kwetu. Nikaleta chetezo changu na udi kidogo, nikaanza kuzifukiza nguo kila baada ya onyesho, kama tunavyofukiza zetu nyumbani. Wiki ya mwanzo Mkuu wa Mavazi alinikataza. Wiki ya pili akaniletea mtandio wake nimfukizie.

Na ukimvisha mtu, unamjua. Nimejua mimba kabla ya wenyewe. Nimejua nani hali chakula, nani kagombana na mumewe, nani anajifanya shujaa na moyo wake unapiga kama wa ndege. Hayo hayakuwa yakitoka chumba cha nguo, na humu pia sitawatolea.

Yule mama aliporudi kwao Misri nikawekwa mie kusimamia wavishaji. Mkubwa wangu kuanzia hapo alikuwa Meneja wa Jukwaa. Huyu ni mtu anayekaa pembeni gizani na chombo masikioni, yeye ndiye anayesema taa zizime, pazia lipande, ngoma ianze, na hakuna anayepumua bila ya amri yake. Ni Muomani mwenzetu ambaye wazee wake walirudi kutoka Bujumbura. Kiswahili chake ni cha bara. Mie ananiita Mama Rukia, na akiwa na la kuniudhi ananiita Mama yangu Rukia.

Na alikuwapo Nawal. Nawal ndiye mwigizaji wetu mkubwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameachwa, hana mtoto, mama yake keshafariki na baba yake kaoa kwengine Sohar. Alikuwa akikaa peke yake kwenye fleti Darsait, na watu walikuwa na ya kusema juu ya hilo. Mie nilikuwa na yangu. Nawal hakuutaka udi wangu. Ukimgusa pua anapiga chafya mpaka macho yanavimba. Mara ya mwanzo alinambia kwa adabu. Mara ya pili alitoka chumba cha nguo akasema mbele ya wasichana wangu kwamba ananuka kama ukumbi wa harusi ya watu asiowajua. Nikamwambia bora hivyo kuliko anavyonuka baada ya sehemu ya pili. Kuanzia hapo tukawa tunazungumza kwa ulazima tu. Nikimvisha vizuri, maana kazi ni kazi, lakini kimya.

Basi maradhi yalipoingia duniani tulikuwa kwenye mazoezi ya mchezo ambao ulisimama juu ya badili moja ya gizani. Mjane yuko edani na nguo zake nyeusi, anaikumbuka harusi yake. Anazunguka nyuma ya mlango mkubwa wa mbao, ngoma zinapigwa, na anatokea upande wa pili akiwa bibi harusi, nguo ya kijani, tarizi mpaka miguuni. Mjane ni Nawal na bibi harusi ni Nawal. Ile nguo ya kijani niliishona kwa mkono wangu. Tulikuwa tumebakisha zoezi la mavazi, yaani siku ile ya kucheza mchezo wote na nguo kamili bila ya watazamaji. Asubuhi yake tukaambiwa kila mtu arudi nyumbani kwake.

Nyumba yetu iko Amerat, nyuma ya milima. Nnakaa chini, na mwanangu Said na mkewe Zakia na watoto wao wanakaa juu. Tulijifungia. Watoto wakasoma kwenye simu, Said akafanya kazi ya ofisi mezani kwangu, mie nikashona barakoa za mtaa mzima mpaka mpira wa masikio ukaadimika madukani. Alhamdulillahi tulikula, tulilala, hatukuzika mtu wa nyumbani. Wapo waliozika. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika, na sikulalamika. Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja. Umri wangu wa kustaafu ulikuwa ukifika mwisho wa mwaka unaofuata. Nilitaka niondoke ukumbi ukiwa wazi, nimemvisha mtu, nimesikia watu kule mbele. Sikutaka nistaafu kwa kupigiwa simu.

Nikawa nampigia mimi Meneja wa Jukwaa. Lini tutafungua? Baada ya Ramadhani, akasema. Baada ya Idi. Baada ya joto. Jibu lake lilikuwa likihamahama kama mgeni aliyekosa pa kulala. Mwisho nikamwambia, "Mwanangu, usinambie lini. Nambie hujui."

Akasema, "Mama Rukia, sijui."

Nikamshukuru, na kwa kweli nilipumua. Kumbe kilichokuwa kikinichosha si kungoja, ni kuahidiwa. Naye Mungu ampe kheri, akaniombea ruhusa niwe nakwenda mara kwa mara kuzitazama nguo. Said alikuwa akinipeleka kwa gari, tunavuka mlima barabara tupu, askari wa mlangoni ananipima joto kipajini kama mtoto mchanga, na mie naingia. Ukumbi mtupu hujawahi kuuona. Viti vimefunikwa mashuka meupe, safu baada ya safu. Nilikuwa nikipitia pembeni nikisoma Ayatul Kursiy. Nazifungua nguo, nazipa hewa, nazigeuza, nafukiza chumba, naondoka. Ile ya kijani nikiizungusha upande huu na huu ili mkunjo usikae.

Mwaka ukageuka. Watu wakachanjwa. Tukaitwa kikao, tumekaa mbali mbali mle mle ukumbini, barakoa zimetuziba, kila mtu anasema "naam?" kwa sababu hasikii. Mkurugenzi, mkubwa wetu sote, akasema kuna uwezekano wa kufungua kwa watazamaji nusu ya viti. Watu wakapiga makofi. Kisha Meneja wa Jukwaa akasoma masharti, na nilipoyasikia makofi yangu nikayarudisha mapajani. Waigizaji wasimame mbali mbali. Kila mtu ajivishe mwenyewe. Mvishaji asimkaribie mwigizaji wala asimguse, isipokuwa kama ni watu wanaoishi nyumba moja.

Mkurugenzi akasema basi ile badili haiwezekani. Alikuwa na mawazo mawili. Ama Nawal abaki na nguo nyeusi, na kwenye sehemu ya harusi ajitupie shali ya kijani. Ama mchezo huu tuuache mwaka mwingine, na kwa sasa turikodi kitu kidogo watu wakitazame kwenye simu zao. Mwaka mwingine mie simo.

Nikainua mkono. Nikasema bibi harusi wa shali simjui, labda huko wanakooana mbio mbio. Wakacheka. Nikasema sharti lenyewe limeshatoa njia, limesema watu wa nyumba moja. Basi Nawal ahamie kwangu.

Kicheko cha chini ya barakoa kina mlio wake, kama watu wanaocheka ndani ya mto wa kulalia. Mkurugenzi peke yake hakucheka. Alimgeukia Nawal.

Nawal alikuwa kakaa safu ya mbele, miguu imekunjwa. Akasema, "Nende Amerat nikabanikwe kwa moshi kama samaki?"

"Samaki ana faida," nikamjibu. "Anakaa kimya."

Kikao kikaisha kwa kicheko na bila ya uamuzi. Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilikuwa nimependekeza jambo la moyoni kabisa na limegeuka mzaha, na nusu ya mzaha nimeufanya mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala Zakia akaniita mlangoni. Nawal alikuwa kasimama nje ya geti, mbali kama inavyotakiwa, na sanduku la magurudumu na mto wake wa kulalia kwapani. Mwanamke mzima, maarufu, watu wanamjua kwenye televisheni, kakumbatia mto.

Akasema, "Khalti, bado ipo nafasi?"

Hakuwahi kuniita khalti, yaani mama mdogo. Nikamuuliza imekuwaje na samaki. Akasema kalala siku nzima anafikiri, na kwamba mchezo huu usipochezwa yeye hajui atafanya nini, hana kazi nyengine na hana wa kumwambia habari za siku yake. Alisema hayo bila ya kuigiza. Mie najua anapoigiza. Nikamwambia aingie, biriani inapoa.

Kwanza alikaa chumbani peke yake, sahani tunamwekea mlangoni, mpaka kipimo kikatoka safi. Baadaye tukaanza kuishi. Mwenye kujua nyumba zetu atauliza, na Said je? Said si maharimu wake. Tukapanga Said na watoto wake wa kiume wapite mlango wa ngazi ya nje, na yeye akitaka kuja chini kunisalimia atoe ishara kwanza. Sasa ishara ya wanaume wa kwetu, tangu babu zake, ni kukohoa. Said akasimama nyuma ya mlango akakohoa vile vya kistaarabu, na Nawal akaruka na sahani mkononi, akatafuta barakoa, akafungua madirisha yote, akaniuliza kama tumpigie daktari. Zakia alicheka mpaka akakaa chini. Kutoka siku ile Said akawa anasema "Ya Satir", yaani jisitirini napita, kwa sauti kubwa, kama muuza samaki.

Udi nao ikabidi tuuzungumze. Niliupeleka kwenye bustani, nikawa nafukiza nguo zangu huko nje Alkhamisi. Na ile nguo ya kijani sikuigusa kwa moshi kabisa. Si kwa mapenzi, bado hatujafika huko. Ni kwa akili. Fikirini wenyewe mwigizaji apige chafya jukwaani wakati ule. Ukumbi mzima ungetoka mbio.

Tatizo likawa badili ile inataka watu wawili, na msaidizi wangu wa kazini anakaa Ansab na watu wake. Watu wa nyumba moja na Nawal tulikuwa wanawake wawili tu, mie na Zakia. Zakia ni mwalimu wa hesabu. Sindano anaiogopa. Nikamwambia atakuwa mtu wa miguuni. Akanambia, "Mama, mimi kifungo changu mwenyewe unanishonea wewe." Nikamwambia sitaki ashone, nataka apandishe. Meneja wa Jukwaa akamwombea kibali cha muda, naye Zakia akawa anamaliza kusomesha mchana, jioni anakuja kulala kifudifudi kwenye zulia la barazani kwangu anangoja miguu ya Nawal.

Tulifanya mazoezi nyumbani, taa zimezimwa, mapazia yamefungwa, wajukuu wadogo wa kike wanapiga sinia badala ya ngoma. Jioni ya mwanzo nilimwita Nawal aje, akaja, akasimama mbele yangu na nguo yake nyeusi. Nikaweka mikono mabegani kwake kumgeuza. Akatetemeka. Nilidhani nimemchoma.

"Sindano?" nikamuuliza.

"La, khalti. Tangu tufungiwe hakuna mtu aliyenigusa."

Mwaka mzima na zaidi mie nalalamikia mikono yangu kukosa kazi, na nyumba yangu imejaa watoto wanaonipanda mgongoni. Yeye alikuwa ndani ya kuta nne za Darsait, anasikia jirani wa juu akivuta viti. Sikuiondoa mikono. Wajukuu wakaacha kupiga sinia wakifikiri kumeharibika kitu. Tukakaa hivyo, kiza, yeye kasimama na mie nimemshika, mpaka alipovuta pumzi. Ndipo nikasema haya, pigeni tena, na Zakia angalia pindo.

Mara za mwanzo tulikuwa vichekesho. Zakia alipandisha nguo nyuma ikawa mbele. Nawal aliingiza miguu yote miwili kwenye mkono mmoja akaanguka juu ya Zakia, na Said huko ngazini anauliza kuna usalama? Tukarudia. Jioni baada ya jioni mikono ikaanza kujua njia. Nikamfunga Zakia macho kwa kitambaa, kama nilivyofungwa mie, na nilipomwona anapapasa hewani nilimkumbuka yule mama wa Kimisri nikamwombea dua, na kama yu hai Mungu amzidishie umri. Mwisho tukawa tunafanya yote wakati watoto wanapiga sinia mzunguko mmoja, na Zakia, mwalimu wa hesabu, akawa anatoka chini na majivuno kama kashinda mbio za ngamia.

Jioni ya kufungua, nilisimama nyuma ya mlango wa mbao na soksi zangu nyeusi na barakoa, Zakia kajilaza miguuni pangu, nguo ya kijani imezungushwa sakafuni. Huko mbele watu wamekaa kiti cha kukaa, kiti cha kuachwa. Tangazo lilikuwa limewaambia wasipige kelele wala kuitana, kwa ajili ya afya. Walikuwa kimya hata nikaingiwa na khofu kwamba hawapo. Zamani nilikuwa nawajua watazamaji kwa masikio, wanavyojikohoza, wanavyofungua pipi, wanavyocheka kabla ya wakati. Wale walikuwa kama wamekuja msibani.

Nawal akaja mbio kutoka kwenye mwanga. Ngoma ikapiga, nikavuta utepe, krrr, nyeusi ikaanguka. Miguu ikaingia. Zakia akapandisha. Nikaipokea kiunoni, nikaileta mabegani, nikaifunga, nikaweka ukaya kichwani. Chini ya kiganja changu moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na wangu nao, sijui upi ulikuwa upi. Nikamsukuma mgongoni, nenda. Akaenda.

Kutoka viti vya juu, mwanamke mmoja, simjui ni nani mpaka leo, alipomwona bibi harusi akapiga kigelegele. Kule kule ndani ya barakoa. Wa pili akamjibu. Kisha wakawa wengi, upande huu na huu, vigelegele vya kuzibwa midomo, kwa sababu mwanamke wa kwetu akimwona bibi harusi hakuna tangazo litakalomzuia. Nikamsikia Meneja wa Jukwaa pembeni, askari wa mlangoni kamuuliza kwenye chombo kama awanyamazishe.

"Waacheni," akasema. "Waacheni wapige, tuliwangoja sana."

Zakia alikuwa bado sakafuni, kakumbatia nguo nyeusi, machozi yanamtoka. Mie sikulia. Nilikuwa na badili nyengine ya kuitayarisha.

Mchezo uliendelea mpaka ukamaliza muda wake, hakuna aliyeugua kwa ajili yetu, namshukuru Mungu. Mwisho wa mwaka nikastaafu. Walinifanyia shughuli ndogo pale pale jukwaani, halwa na kahawa, Mkurugenzi akasema maneno mazuri ambayo nusu yake sikuyasikia kwa barakoa, nikayakubali yote. Meneja wa Jukwaa akaniita Mama yangu Rukia, na mara hii hakuwa na la kuniudhi.

Nyinyi mnaoanza kazi leo, sina mengi ya kuwaambia. Vueni viatu. Pigeni bandi kwanza. Mkimshika mtu, mshikeni kama mtu, si kama kazi, maana hamjui mara ya mwisho kashikwa lini. Mie nimepata mabosi wakali na wakanifaa, nimepata mkwe aliyelala sakafuni kwa ajili yangu, nimepata mwisho wa kazi niliokuwa nikiuomba. Wangapi wanapewa hilo? Nikihesabu neema zangu nachoka kabla sijafika nusu.

Masharti yaliondolewa moja moja. Siku lilipoondoka lile la watu wa nyumba moja, nilirudi kutoka kwa jirani nikamkuta Nawal kakaa sebuleni, sanduku lake limesimama pembeni, na ule mto juu yake. Nikamuuliza anasafiri? Akasema, "Sharti limeondoka, khalti."

Nikamwambia, "Lile lilikuwa la ukumbi. La hapa bado sijaliondoa."

Sanduku akalirudisha chumbani mwenyewe. Hiyo ni zamani sasa. Ukumbi uko wazi, viti vyote vinajaa, na kazini Nawal anavishwa na wasichana hodari niliowafunza mie. Lakini kila jioni kabla ya kutoka, gari ya Said iko nje inanguruma, Nawal anaingia chumbani kwangu, ananigeuzia mgongo bila ya kusema kitu, na mie nnamfunga vifungo vya nguo ambayo angeweza kabisa kujifunga mwenyewe.